Alhamisi Niliyoiandika Jumatano

Niliandika habari za Alhamisi siku ya Jumatano. Naanza na hilo mapema ili msomaji asije akafika mbali akidhani anaongozwa na mtu makini. Nilikaa mkekani, mgongo umeegemea ukuta wa jiko, bakuli la ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha liko pembeni, nikaandika kwenye daftari kwamba Alhamisi kondoo walishinda kwa utulivu upande wa chini wa shamba la Bi Somoe, kwamba dume lao lilipumzika kivulini kuanzia saa nne, kwamba upepo ulikuwa wa kiasi, na kwamba hakuna tukio. Hayo maneno "hakuna tukio" niliyapigia mstari kwa rula. Kisha nikalifunga daftari, nikachovya ming'oko kwenye chumvi na pilipili, nikajipongeza kwa kuokoa siku nzima ambayo ningeipoteza nje ya nyumba. Yaliyotokea Alhamisi yenyewe ndiyo yaliyonifanya mwandishi. Wakati ule nilidhani yatanifanya nihame.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu Bi Somoe amerudi. Alivuka Ruvuma kwenda kwa ndugu zake zamani sana, kabla sijaoa, na mwezi uliopita mjukuu wake amemleta hapa mtaani kwangu Rahaleo, nyumba inayopakana na yangu. Kati yetu kuna ukuta wa matofali ambao fundi aliuacha ulipofika kifuani, akaahidi kurudi. Siku ya kwanza Bi Somoe hakunisalimia. Alichungulia juu ya ukuta, akawaona kondoo wangu wawili wamelala pembeni mwa tangi la maji, akasema, "Bado unao?" Alivyouliza ungedhani ni vipele. Nikamwambia ninao wawili tu, wa kunikumbusha. Akauliza wa kunikumbusha nini. Nikaona nafasi ya kujisifu nikaitumia: nikasema siku hizi mimi ni mwandishi, nimetoa vitabu vitatu, viwili vinahusu kondoo na cha tatu kinaeleza kwa nini nimechoka kuandika kuhusu kondoo. Akaniangalia kuanzia kandambili hadi kofia. "Wewe? Uliyekuwa hutoki ndani?" Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo sifa ya kwanza inayotakiwa katika kazi hii. Hakucheka. Lakini tangu siku ile kila nikitoka uani najikuta nauangalia ukuta ule, kwa sababu kuna swali nililokaa nalo tangu ujana (ningesema nimetembea nalo, ila mimi si mtu wa kutembea): kwa nini mwanamke yule alisimama mbele ya kijiji kizima akasema uongo kwa ajili yangu?

Mwaka wenyewe ulikuwa ule niliomaliza kidato cha nne, nikapata matokeo ya kumruhusu mtu akae nyumbani bila kusumbuliwa na barua yoyote. Kijiji chetu kilikuwa kwenye njia ya kwenda Msimbati, nyumba chache, minazi kidogo na mikorosho mingi. Mjomba wangu alikuwa amehamia mjini akaniachia kondoo kumi na wanne. Kuhusu ukoo wangu sitasema zaidi, maana walio hai wanasoma. Sasa, kwetu korosho haichumwi. Inasubiriwa ianguke yenyewe pamoja na bibo lake, ndipo inaokotwa, na kwa hiyo ardhi ya chini ya mkorosho inatakiwa iwe safi kama uwanja uliofagiliwa. Korosho iliyoangukia majanini ni ya panya. Kusafisha shamba zima ni kazi ya kuinama miezi, na Bi Somoe, ambaye mumewe alikwenda ng'ambo kusalimia akakolea huko, alikuwa anaifanya peke yake kwa jembe. Asubuhi moja alikuja hadi mlangoni kwetu, akasimama mkono kiunoni, akawatazama kondoo wangu wakitafuna ukindu wa mkeka wa watu. "Njomba," akasema, yaani mjomba kwa matamshi ya kwetu, "hawa wanyama wako wanakula bure. Walete kwangu wale kwa kazi." Wiki mbili baadaye chini ya mikorosho yake palikuwa peupe, na jembe lake limening'inizwa ukutani kama picha ya marehemu. Majirani waliokuwa wakimcheka wakaanza kupita kwetu kuulizia afya za kondoo.

Mtu mmoja tu ndiye hakupendezwa, Mzee Chande, ambaye shamba lake la muhogo lilipakana na la Bi Somoe bila hata kichaka cha kutenganisha. "Mimi sina ugomvi na kondoo," alisema. "Ninauliza tu, mpaka wa shamba langu wameonyeshwa na nani?" Swali lile likafika kwa mtendaji wa kijiji, bwana mmoja kutoka upande wa Songea, mpole, mwembamba, aliyeamini kwamba jambo lolote likiandikwa limeshatengenezwa nusu. Akaamua hivi: kondoo waendelee kusafisha mashamba, ila mimi niwe na daftari. Kila siku niandike walikoshinda, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na tukio kama lipo. Yeye atalikagua wakati wowote anaotaka. Siku litakapoonekana halisemi kweli, kondoo watatoka kwenye mashamba yote na hawatarudi. Akanipa daftari lenyewe, jipya, gumu, la kurasa nyingi, na kalamu ya bluu. Nyekundu akabaki nayo yeye.

Ni lazima nikieleze chumba changu, kwa kuwa huko ndiko shamba la Bi Somoe liliko, kwa maana ya lile la kwenye daftari. Kilikuwa chumba cha mbele, sakafu ya udongo, kitanda cha kamba kilichobonyea katikati kwa umbo langu, na dirisha dogo la mbao lililotazama njia ya kwenda kisimani. Kondoo niliwapeleka asubuhi, nikawaonyesha mikorosho, nikarudi. Waliijua kazi yao kuliko mimi. Dume lao, niliyempa jina la Karani kwa sababu hakuwahi kuharakisha jambo lolote, aliwatoa na kuwarudisha jioni kwa wakati wake, na mimi nilimpokea mlangoni kama bosi anayepokea ripoti. Tatizo likawa daftari. Mtu ambaye hakuwapo shambani ataandika nini? Siku ya kwanza niliandika "wamekula nyasi", siku ya pili "wamekula nyasi tena", siku ya nne nikaona hata mtendaji atalala. Nikaanza kuweka vitu. Nikaweka ndege. Nikaweka mvua ndogo iliyokuwa imenyesha kweli, kwa sababu niliisikia juu ya makuti. Na nilipoishiwa nikaanza kuweka maneno ya watu waliopita dirishani na ndoo zao, nikayahamishia shambani kana kwamba waliyasema karibu na kondoo.

"Shoga, mumeo karudi?" aliuliza mmoja. "Karudi mwili," akajibu mwenzake. "Akili kaiacha Msimbati." Hilo nililiandika neno kwa neno, nikaongeza kwamba Karani alikuwa anasikiliza. Mtendaji aliporudisha daftari, pembeni pameandikwa kwa wino mwekundu: *Andika mambo ya kondoo tu.* Nikatii siku tatu. Aliporudisha mara ya pili wino mwekundu uliuliza: *Je, akili ya yule bwana imerudi?* Mpaka leo sijapata mhariri aliyenitia moyo kiasi kile. Nilitega sikio dirishani kwa juhudi ambayo kama ningeipeleka kwenye hesabu, maisha yangu yangekuwa mengine kabisa na nyinyi mngekosa vitabu vitatu.

Alhamisi ile basi. Niliiandika mapema kwa sababu mama mdogo alikuwa amepata pweza, na ugali wa muhogo kwa pweza wa nazi si chakula cha mtu kuletewa shambani kikiwa kimepoa. Asubuhi niliwapeleka kondoo. Korosho zilikuwa zimeanza kuanguka, na msimu huo utaratibu ni kwamba waokotaji wanatangulia na kondoo wanafuata, maana kondoo akimaliza nyasi huhamia kwenye mabibo. Bi Somoe alikuwa amekwisha kuokota upande wa chini. Nikawaacha pale, nikageuza. Njiani nikakutana na mtendaji juu ya baiskeli, saa moja na nusu, jua bado halijapata nguvu. "Lete daftari nikalipitie ofisini," akasema. Nikamkabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu, hata nikamfutia vumbi la jalada. Nilikuwa nimeshafika mlangoni kwetu ndipo nikakumbuka: ndani ya daftari lile Alhamisi ilikuwa imekwisha, jua limetua na kondoo wamerudi salama.

Nilijiambia kwamba ikiwa siku itapita kwa utulivu, nitakuwa nimekosea saa tu. Nikala pweza. Nilikuwa kwenye tonge la mwisho niliposikia sauti ya Mzee Chande ikiliita jina langu na majina ya baadhi ya wazee wangu. Bi Somoe alikuwa na pipa lililokatwa nusu, ndani yake mabibo ya kukamua ya siku ya tatu, yakichacha kuwa uraka, pombe ya mabibo, juu amefunika makuti. Kondoo walikuwa wameyaondoa makuti. Nilipofika nilimkuta Karani ameloa usoni hadi machoni, amesimama kama mtu aliyesahau alichokuja kutafuta. Jike mmoja alikuwa ameelekeza paji la uso kwenye ukuta wa choo na hakutaka kuambiwa kitu. Wawili wamelala. Waliobaki walikuwa wanatembea kwa mstari, polepole, vichwa chini, kwa heshima kubwa kama watu wanaokwenda kuzika, na walikuwa wanaelekea katikati ya muhogo wa Mzee Chande, wakila. "Njoo," Mzee Chande aliniambia kwa upole uliotisha. "Njoo uone wageni wangu. Mpaka wameuona. Wameuvuka wakiuangalia." Nilishinda na kondoo wale hadi jioni, nikiwanywesha maji na kuwatembeza ili matumbo yasivimbe, na hiyo ikawa siku ya kwanza katika mwaka ule niliyokaa na kondoo kuanzia mchana hadi jua kuzama. Wote walipona. Lakini yale niliyoyaona siku ile hayakuwamo kwenye daftari, na yaliyokuwamo kwenye daftari hakuna aliyeyaona.

Kikao kilifanyika Jumamosi katika darasa la tatu, watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mtendaji alisimama mbele ya ubao na daftari langu mkononi. Mzee Chande alisema maneno machache: kondoo waondoke, mashamba yote, leo. Wengi waliitikia kwa kichwa. Bi Somoe alikaa nyuma kabisa na kanga kichwani. Ndipo mtendaji akafungua ukurasa. "Alhamisi," akasoma. "Kondoo walishinda kwa utulivu upande wa chini." Kicheko cha kwanza kikatoka dirishani, kwa wasiopata nafasi ndani. "Dume lilipumzika kivulini kuanzia saa nne. Upepo wa kiasi. Hakuna tukio." Akalisogeza daftari karibu na macho. "Pamepigiwa mstari," akasema. Mzee Chande alisimama, dawati likasimama naye. "Kama muhogo wangu si tukio," akasema, "basi mimi mwenyewe nilizaliwa bure." Hata mimi nilitaka kucheka, na ndicho kilichonitisha zaidi. Mtendaji akauliza, "Kijana, hii uliandika saa ngapi?" Nikafungua mdomo. Nilikuwa na kumbukumbu za uongo za wiki kumi, zote nzuri, na sikupata hata moja.

"Bwana Mtendaji." Ilikuwa sauti ya Bi Somoe. "Hiyo Alhamisi ni ya kweli. Huyu alikuwapo. Nilimwona kwa macho yangu tangu asubuhi, ametulia na wanyama wake. Mimi ndiye niliyemtuma kisimani mchana, na pipa niliacha mimi bila kuliwekea jiwe. Aliandika yaliyokuwapo kabla sijamtuma. Muhogo wa Mzee Chande nitamchimbia wangu, achague mwenyewe mashina." Akakaa. Watu waligeuka kumtazama, kwa kuwa Bi Somoe hakuwa mtu wa kumtetea mtu. Alikuwa mtu wa kukwambia shati lako limechanika mbele ya wakwe zako. Mimi nilimtazama mtendaji. Yeye peke yake, zaidi yangu, alijua kwamba daftari lilikuwa mkononi mwake tangu saa moja na nusu asubuhi, na Alhamisi nzima imo ndani. Nilimwona akihesabu. Alimwangalia Bi Somoe, akaniangalia mimi, akafunua kurasa za nyuma taratibu, macho yakakaa mahali, na nadhani (sina hakika, nimejaribu kuliandika hili mara nyingi na kila mara linatoka tofauti) alikuwa amefika kwa yule bwana aliyeacha akili Msimbati. Akalifunga daftari. "Kondoo watabaki," akasema. "Ila daftari litasomwa hapa kila Jumamosi, mbele ya watu wote. Aliyetajwa humo awe na haki ya kusimama na kukanusha."

Ni adhabu iliyonisomesha kuliko shule. Huwezi kubuni shamba mbele ya watu waliolilima. Jumamosi ya kwanza nilisoma kwamba Mama Hadija alipita na kanga nyekundu, naye mwenyewe akainuka kwenye dawati lake. "Uongo. Ile nyekundu imeazimwa, haijarudi." Jumamosi ya pili nikasema Karani alimla kinyonga, darasa zima likaniangalia kwa huruma. Ikanibidi nitoke. Nilitoka kwa kulalamika, na mkeka nikaubeba, lakini nilitoka, na huko nikakuta kwamba kondoo wana mambo ambayo nisingeweza kuyatunga hata ningepewa pweza kila siku. Kwa nini yule jike aliyekuwa ukutani siku ya pipa hakulala tena karibu na wenzake? Nani huamua wa kwanza kuvuka njia, maana si Karani; Karani alikuwa wa nne au wa tano, akajifanya anaongoza? Niliwatazama wiki tatu kwa ajili ya swali hilo moja. Na nilimtazama Bi Somoe akiokota, miguu imesimama wima na kiuno kimekunjika, bibo mkono mmoja, kiganja cha pili kinazungusha korosho mara moja inatoka, huku anaigombeza mikorosho kwa majina: wewe mvivu, wewe umenipa maganda matupu mwaka jana, wewe bado nakusubiri. Niliyaandika hayo nikayasoma Jumamosi. Hakukanusha. Alisema tu, "Yule mvivu si mkorosho wa tatu, ni wa nne." Nikasahihisha palepale, na nikajisikia kama mtu aliyepewa cheti.

Korosho za mwisho zilipokwisha kuokotwa, Bi Somoe alifunga mlango akavuka kwenda kwa ndugu zake. Hakuaga. Kwenye baraza yetu tulikuta beseni la korosho za kukaanga, limefunikwa na gazeti. Nikawa na miaka mingi ya kujijibu mwenyewe, na mtu akijijibu mwenyewe hujipa jibu tamu. Nilikata shauri kwamba aliona kitu ndani yangu. Kwamba nyuma ya darasa lile, chini ya kanga ile, mwanamke asiyejua kusoma alitambua mwandishi kabla mwandishi hajajitambua. Jibu hilo nililipenda kiasi kwamba kitabu changu cha kwanza kimetolewa kwa heshima yake, ukurasa wa mbele, maneno yaliyopangwa katikati: kwa Bi Somoe, wa kwanza kukiona kipaji changu. Watu wameniambia wametokwa na machozi waliposoma pale. Mimi mwenyewe nimewahi.

Jumamosi iliyopita alasiri, umeme umekatika na feni imekufa, nilibeba kiti hadi kwenye ukuta usioisha nikamsomea Bi Somoe sura hii, yote, hadi hapa mlipofika. Alikuwa amekaa upande wake anabangua korosho, maganda yanarukia kwangu na kondoo wangu wananusa. Alinisahihisha mara mbili: pipa halikuwa la siku ya tatu bali ya nne, na Mzee Chande alichagua mashina yaliyo bora kuliko ya kwake. Nilipofika kwenye maneno ya ukurasa wa mbele niliyasoma polepole, nikayarudia, nikamtazama. Akachukua korosho nyingine. Nikaona nimwulize, mtu mzima mimi, mwenye wajukuu: "Bi Somoe, siku ile darasani, ulinitetea kwa sababu gani?"

Aliacha kubangua. Alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda nyumbani kwake. Haya ndiyo maneno yake, sijayaongezea ndege wala upepo:

"Nikutetee wewe kwa lipi, njomba? Niliwatetea kondoo. Pale shambani wao ndio waliokuwa wanafanya kazi."